Nimesoma utafiti wa meseji za wajawazito Unguja: nyota nne, ya tano imekwama shamba

Assalamu alaykum jamani. Watu wamezoea kutoa nyota kwa urojo wa fulani na hoteli za Paje, mie leo nnatoa nyota kwa utafiti. Ndio, utafiti, yale makaratasi ya wasomi. Msinicheke kwanza. Nna kibanda cha vocha hapa Muyuni tokea 2008, na huu utafiti ni wa simu, vocha na wake zetu wenye mimba, sasa kama si mie wa kuutolea maoni ni nani?

Ulivyonifikia ni hivi. Mdogo wangu wa kike anasoma ukunga mjini, siku moja kaja huku shamba, yaani kijijini, mapumziko akanikuta nnabishana na mteja anaesema nimemrushia salio kwa namba siyo (namba kaandika mwenyewe kwenye kiganja, sifuri imekuwa sita, kosa langu mie). Mdogo wangu akacheka akasema kaka, biashara yako hii madokta washaiandikia. Akanitumia PDF nne kwa WhatsApp. Kiingereza changu ni cha hotelini, miaka mitatu nimebeba mabegi ya wageni Jambiani, kwa hivo maneno mazito kanifafanulia yeye na mengine nimepambana nayo mwenyewe usiku hapa kibandani umeme ukiwepo.

Mradi wenyewe unaitwa Wired Mothers, yaani kama kusema akina mama waliounganishwa kwa waya, ingawa waya wenyewe haumo, mambo yote ya hewani. Mtafiti mkuu ni daktari wa Denmark, Stine Lund, wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, na ndani ya orodha ya waandishi yamo majina ya kwetu kina Maryam Hemed, Azzah Said na Khadija Said, hilo lilinipendeza kwa sababu nshazoea kuona mzungu anakuja anapiga picha anaondoka. Kazi imefanyika 2009 na 2010 hapa hapa Unguja, vituo vya afya 24 katika wilaya sita, ndo Unguja nzima hiyo kabla Magharibi haijagawiwa A na B. Vituo 12 vikaangukia upande wa meseji na 12 vikaendelea kama kawaida, nani aingie upande gani ni kura, si kwamba walichagua vile vizuri vizuri. Wajawazito kwa jumla 2,550.

Huduma ilikuwa na miguu miwili. Wa kwanza ni meseji, mama akifika kliniki anaandikishwa namba halafu mashine inamtumia ujumbe kulingana na mimba ilipofikia, kabla ya wiki ya 36 ni meseji mbili kwa mwezi, ikishagonga 36 zinakuwa mbili kwa wiki, na zinaendelea mpaka wiki sita baada ya kujifungua. Nyengine za kumkumbusha siku ya kliniki na nyengine za kumfundisha dalili za hatari na mengineyo. Mguu wa pili ni vocha. Mama anapewa vocha ili akiwa na shida ampigie mkunga wa kituo chake.

Hapo kwenye vocha nilisimama nikasoma mara mbili. Nyinyi wa mabando ya usiku hamjui 2009 ilikuwaje. Vocha ilikuwa ya kukwangua, ukikwangua kwa kucha kwa pupa namba inaondoka na ile rangi unabaki umeshika karatasi, na salio lilikuwa kitu cha kuhesabu sekunde. Watu walikuwa wanabipu. Mtu na mchumba wake wana lugha nzima ya kubipu, moja maana yake nimefika, mbili maana yake nipigie. Sasa mjamzito wa shamba mwaka 2009 atamwita mkunga kwa salio gani? Atambipu? Na mkunga nae kwa mshahara gani ampigie? Kwa hivo alobuni ule mguu wa pili huyo alikaa na watu akaangalia. Ningekuwa natoa nyota kwa kipande kimoja kimoja basi hapo ni tano safi.

Kitu chengine nilichokipenda, hawakusema asie na simu akae pembeni. Mwanamke aliingizwa awe ana simu hana simu. Mdogo wangu anasema tafiti nyingi zingewachukua wenye simu tu ili matokeo yang'are. Hawa wakachukua dunia ilivyo, simu ya mume, simu ya wifi, simu ya jirani.

Matokeo sasa. Kwenye makala ya kwanza, ya 2012 katika BJOG, jarida la madokta wa uzazi, upande wa meseji waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60, upande wa kawaida 47. Ya pili ya 2014 inaangalia kliniki, waliohudhuria mara nne au zaidi ni asilimia 44 dhidi ya 31. Halafu ikaja ya vifo, 2014 hiyo hiyo, hii ndo iliyonifanya niweke simu chini kidogo. Watoto waliokufa tumboni au ndani ya wiki ya kwanza, upande wa kawaida 36 kwa kila elfu, upande wa meseji 19. Karibu nusu. Meseji hizi hizi ambazo mie nnaziona za kipuuzi zinazotuma "umeshinda" na "piga nyota". Lakini nisiwavimbishe kichwa, wenyewe wameandika kwamba ukiwaangalia waliozaliwa wafu peke yao, au waliokufa ndani ya siku 42 peke yao, ile tofauti inapungua mpaka haiwezi kuthibitishwa. Nawashukuru kwa kuliandika hilo, wengi tungelificha chini ya mkeka.

Sasa njooni kwenye nyota ya tano.

Ile 60 kwa 47 ukiifungua ndani unakuta faida ya kujifungua kwa mtaalamu imeonekana kwa wanawake wa mjini. Mjini tofauti kubwa kabisa. Shamba, hamna kitu cha kuonesha. Meseji ile ile, vocha ile ile, maneno yale yale, wa mjini kaenda spitali na wa shamba kajifungua pale ambapo angejifungulia hata bila ya meseji. Na wameandika wazi bila ya kuzunguka. Kwangu mie huo ndo mstari bora wa kazi nzima, na cha ajabu ndo mstari ambao ukisikia watu wanausimulia huu utafiti kwenye semina wanauruka, wanakupa 60 na 47 halafu makofi.

Sababu za shamba wao wanazigusa kisomi. Mie nitawapa za meza ya kibanda, muniamini msiniamini shauri yenu, sikupima kitu mie nimekaa tu hapa miaka na miaka nnaangalia watu.

La kwanza simu si ya mama. Hapa kwetu wanaume wavuvi, msimu wa dago mtu anakwenda zake kisiwa chengine wiki tatu, mwezi, na simu ya nyumba kaenda nayo. Meseji inaingia vizuri, "siku yako ya kliniki ni Jumanne", inaingia mfukoni kwa mwanamme aliekaa juu ya dau anasubiri kutandaza nyavu. Ataisoma, atasema mashallah wanatujali, ataifuta kwa sababu memori imejaa. Nshamuuliza mmoja kwa utani, simu yako ishawahi kupokea meseji ya mimba? Akasema ndio, nikampigia mama aje kumwambia mke wangu, lakini siku ilikuwa ishapita.

La pili chaji. Sasa hivi umeme umeenea lakini enzi zile watu walikuwa wananiletea simu hapa nichaji, mia mbili mia mbili, meza imejaa Nokia za tochi kila moja imefungwa mpira wenye jina la mtu. Simu ya mjamzito imelala kwangu tokea asubuhi mpaka magharibi. Meseji nyengine nimeziona mie kabla ya mwenyewe, Mungu anisamehe.

La tatu kusoma. Bi mmoja mtu mzima akileta simu ya mkwewe nimsomee, mkwe kaona haya kuja mwenyewe. Ukiisoma mbele ya watu wanne waliokaa kwenye baraza wanacheza bao, dalili za hatari, kutokwa na damu sijui nini, bi anafunika mdomo na kanga, wale wa bao wanajifanya hawasikii. Siri ya mimba hapo ishakuwa tangazo. Wakifanya tena wafikirie sauti, mtu apokee simu asikilize, maana sio kila anaeguswa na ujumbe ana macho ya herufi.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni la nne, gari. Na hili nitalisimulia kwa kilichonipata kwa sababu hapa ndo roho yangu ilipo.

Mtoto wetu wa pili, uchungu umemshika mke wangu saa saba za usiku, masika, mvua inapiga bati kama mtu anamwaga mchele. Mie ndo muuza vocha, simu mbili zina chaji, salio bwerere. Kama kuna mtu duniani alikuwa "ameunganishwa" basi ni mie. Nikampigia dereva wa kwanza, yuko mjini. Wa pili kapokea akasema tairi. Wa tatu hapokei. Bodaboda kaja lakini mke wangu kamuangalia akasema hapana baba Nassor, kwa hali hii? Mama mkwe tayari kesha tuma mtu akamuamshe mkunga wa jadi, na sikumlaumu, mkunga wa jadi anakaa nyumba ya tatu na anakuja kwa miguu yake. Mwisho tukapata kenta ya samaki inayorudi mjini, mke wangu kakaa mbele na mama yake, mie nyuma na matenga, tukafika spitali moja (jina naliacha) nnanuka nguru. Alhamdulillah mtoto mzima, wa kike, yuko darasa la sita sasa hivi na mkorofi.

Lakini mnaona? Mimi ujumbe nilikuwa nao. Elimu ya dalili nilikuwa nayo. Kilichokosekana kina matairi manne. Mjini ukishajua kwamba unatakiwa kwenda unakwenda, hata ukipanda teksi ukalipe kesho. Shamba kujua ni robo ya safari. Kwa hivo mtu akija na wazo la meseji tu bila ya kuulizia nani atambeba mama saa saba za usiku mie namwambia soma tena huu utafiti, majibu yamo.

Tulipofika kule tulikuta jambo la pili, na hili ndo lililonifanya nisome PDF ya nne ambayo si ya mradi huu. Mkunga mmoja kijana, wanawake wanne, wote wako kwenye uchungu. Alikuwa hana maneno mabaya, hana maneno kabisa, anakimbia tu kutoka kitanda hichi kwenda kile. Mke wangu kaniambia baadae, mwenzangu, yule mkunga alikuwa anasikiliza tumbo langu huku anamtazama yule wa pembeni.

Hiyo PDF ya nne inaitwa PartoMa. Mtafiti wake nae ni Mdenishi, Nanna Maaløe, pamoja na Dokta Tarek Meguid aliekuwa bingwa wa uzazi spitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja mjini, na wafanyakazi wa pale pale. Wao hawakutuma meseji kwa mtu. Walitengeneza kijitabu cha mfukoni cha kumuongoza mkunga na daktari wakati wa uchungu, kilichoandikwa kwa kuangalia spitali ilivyo badala ya ambavyo ingekuwa nzuri iwe. Maana miongozo ya dunia inataka moyo wa mtoto usikilizwe kila nusu saa, mkunga mmoja ana wanawake watatu mpaka sita kwa wakati mmoja, hebu piga hesabu mwenyewe. Asipoweza kufuata mwongozo mzuri anaacha kufuata mwongozo wowote, ndo binaadamu. Kwa hivo wakakaa wakakubaliana nini kinawezekana kweli, nani aangaliwe mwanzo, nani anaweza kusubiri, wakakiandika, na kila baada ya miezi kadhaa wakawa na semina baada ya kazi kwa anaetaka kuja.

Kabla ya kijitabu, mwisho wa 2014, waliozaliwa wafu walikuwa 59 kwa kila elfu. Mwaka mmoja baadae 39. Watoto waliozaliwa hoi, alama zao za Apgar (zile anazopewa mtoto akishatoka tu, mwisho kumi) kati ya 1 na 5, walikuwa 52 kwa elfu wakashuka mpaka 28. Mdogo wangu amenisisitiza niandike kwamba hapa hapakuwa na spitali ya kulinganisha, ni kabla na baada tu, kwa hivo huwezi kuapa kwamba ni kijitabu peke yake. Nimeandika. Lakini kwa mtu aliemuona yule kijana akikimbia baina ya vitanda vinne, mie sihitaji kuapishwa.

Nimeziweka hizi mbili pamoja kwa makusudi. Ya Lund inamtoa mama nyumbani, ya Maaløe inampokea mlangoni. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili unamleta mwanamke mbio mbio kwenye foleni. Ukiwa na ya pili bila ya kwanza mkunga kajiandaa na mgonjwa yuko kwao anasubiri gari. Na katikati yao pale njiani, kuanzia mlango wa nyumba mpaka geti la spitali, sijaona PDF. Kama ipo mdogo wangu anitumie.

Kasoro nyengine niliyoiona ni lugha na wapi makala zinakaa. Ile ya kliniki ya 2014 iko jarida la BMC Pregnancy and Childbirth, hiyo ni bure mtu yeyote anafungua, sifa kwao. Lakini zote nilizosoma ni Kiingereza, na ni Kiingereza cha kukunja uso. Kurasa za mwanzo za kila makala zinarudia yale yale, ukizijua za moja umezijua zote, mie nilikuwa naruka moja kwa moja kwenye matokeo kama mtu anaeruka matangazo. Majedwali mazuri ukishaelekezwa, usipoelekezwa ni kama risiti ya umeme. Ningependa mtu aniwekee kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe kila kituo, kina mama waone kwamba wenzao 2,550 walifanya hivi na hivi ndo ilivyotokea.

Na bado nasema someni. Hasa nyinyi mnaokuja huku na tisheti za mradi. Tokea wakati ule mambo yamesogea, siku hizi kuna Jamii ni Afya, wanajamii wa kujitolea wanazunguka nyumba kwa nyumba na simu zenye programu, wanamuandikisha mjamzito na kumfuatilia. Wa shehia yetu ni bi mmoja anapita kwa baskeli, nae mara ya kwanza alipokuja kwangu hakuuliza habari za meseji. Kauliza mke wako akishikwa usiku gari ya nani, na umeshaweka pesa pembeni? Nikasema huyu kafundishwa na mtu alieziona kurasa zile za shamba, au kazaliwa shamba, moja wapo.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba sasa hivi, ya nne. Nimeandika namba za madereva watano kwa makapeni kwenye mbao ya kibanda, nje, watu wote wazione, na mbele ya kila moja nimeandika analala wapi. Dereva mmoja kalalamika ati nimemfanya ambulensi ya bure, tumekubaliana nauli kabisa na salio lake la mwezi juu yangu. Kwa hivo mguu wa pili wa Wired Mothers nimeuiba, nimebadilisha tu anaepewa vocha.

Nyota nne basi. Anaetaka PDF aje kibandani nimrushie, kama huna muda anza na ile ya 2012 pale wanapotenganisha mjini na shamba. Bando lako lakini, la kwangu limeisha jana.